Mwaka Lilipofutwa Neno Kudumu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Si kosa lake. Mchora ramani alikuwa na mkataba wa miezi mitatu, nao ulikwisha kabla kalamu yake haijafika mpakani. Kwa hiyo msinisumbue kuniuliza iko upande gani. Ninachojua ni kwamba ilikuwa nchi nzuri, yenye serikali sikivu na wananchi wenye masikio yaliyochoka.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mji uitwao Chekeni, na juu ya kilima cha mji huo palikuwa na mtambo wa kusafisha maji. Hapo ndipo alipofanya kazi Bi. Stumai Kaniki, mpima maji. Kila asubuhi alichota maji ya mtoni kwa bilauri, akayainua kwenye mwanga wa dirisha, akayakazia macho kama mama anayekagua ulimi wa mtoto mgonjwa. Kisha akatamka: "Leo shabu ndoo mbili, klorini nusu." Na ikawa hivyo: shabu ikashusha tope, klorini ikaua vijidudu. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na kwa muda wote huo watu wa Chekeni walikunywa maji ya bomba bila kuyafikiria, jambo ambalo ndilo sifa kubwa anayoweza kuipata mpima maji.

Aliajiriwa siku ileile aliyoajiriwa Ngoda Mbelwa. Wote wawili walianza kwa kuchimba mitaro ya mabomba, wakila kiporo kimoja kwenye kifuniko kimoja cha sufuria. Ukuta wa mtaro ulipomporomokea Ngoda mpaka kifuani, Stumai ndiye aliyemfukua kwa mikono, kucha mbili zikang'oka. Mke wa Ngoda alipolazwa, binti yao alilala kwa Stumai mwezi mzima. Na Ngoda alipogombea uenyekiti wa chama cha wafanyakazi, Stumai alimpigia kampeni mlango kwa mlango. Akashinda. Tangu hapo akaitwa Komredi, akaanza kuvaa kofia hata ndani ya nyumba.

*

Basi, mwaka huo Wizara ya Ajira na Shukrani ikafanya utafiti. Watafiti walizunguka nchi nzima kwa ndege, wakagundua kwamba wafanyakazi wa kudumu wanaugua ugonjwa mmoja wa hatari: wanalala usingizi. Mtu anarudi nyumbani, anakula, analala mpaka asubuhi, hana wasiwasi wowote. Taifa litaendeleaje namna hiyo?

Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe Chekeni kuleta tiba. Tulimpokea kwa ngoma. Akapanda jukwaani, akafuta miwani, akasema:

"Ndugu wafanyakazi! Serikali yenu imelitafakari neno 'kudumu' kwa kina na kwa mapana. Nawauliza: ni nini hudumu duniani? Umaskini hudumu! Kikohozi sugu hudumu! Doa la mafuta kwenye shati jeupe hudumu! Je, ndugu zangu, mnataka kufananishwa na doa?"

"Hapanaaa!" tukajibu, maana tulipoulizwa hivyo hatukuona jibu lingine.

"Basi kuanzia leo neno 'kudumu' limefutwa. Mtakuwa na Ajira Nyepesi! Mfanyakazi hatafungwa tena na kazi yake. Atakuwa huru kama ndege!"

Tulipiga makofi. Mzee mmoja pembeni yangu akaninong'oneza kwamba ndege anaowajua yeye hushinda kutwa wakitafuta cha kula. Nikamwambia anyamaze, asiwe mtu wa kupinga maendeleo.

Mkataba wa Ajira Nyepesi ulikuwa na kurasa arobaini na moja. Wafanyakazi walipewa ukurasa wa mwisho tu, ule wenye mstari wa kusaini. Kurasa arobaini zilizotangulia, tuliambiwa, zingefuata.

Wafanyakazi wa mtambo, watu sitini, wakagoma kusaini. Wakasema watasaini watakapoona kurasa zote. Siku tatu zikapita, Wizara ikaanza kupata maumivu ya kichwa.

Siku ya nne, jioni, Komredi Ngoda akaja nyumbani kwa Bi. Stumai na kilo mbili za sukari. Akavua kofia. Bi. Stumai aliniambia baadaye kwamba kofia ile ndiyo ingemshtua, kama angekuwa na akili siku hiyo.

"Dada," Komredi akasema, "unaniamini?"

"Swali gani hilo, kaka?"

"Basi saini kesho. Mkataba nimeusoma wote, neno kwa neno. Kinachobadilika ni jina tu."

"Kama ni jina tu, ya nini kutusainisha?"

Komredi akacheka. "Si unaijua serikali? Hata ukitaka kumbadilishia mbuzi jina, lazima ujaze fomu."

Bi. Stumai naye akacheka. Akainuka kwenda kubandika chai.

"Mimi wananishuku," Komredi akaendelea. "Kiongozi hushukiwa siku zote. Lakini wewe wakikuona umesaini, watasaini wote. Usipofanya hivyo mtambo utafungwa, watu sitini watakuwa barabarani, na mimi sitaweza kuwatetea. Nakuomba, dada. Kwa ajili yao."

Wakanywa chai, wakakumbushana habari za mtaro. Komredi aliondoka akiwa na machozi machoni. Sijui ya nini. Pengine tangawizi ilizidi.

*

Asubuhi Bi. Stumai akasaini wa kwanza. Nyuma yake watu wakajipanga mstari bila kelele, maana yule aliyewapimia maji ya kunywa miaka yote hiyo alikuwa ameonja mkataba na kuuona salama.

Mtu mmoja tu ndiye aliyetoka kwenye mstari. Aliitwa Baltazari Shirumbe, fundi wa kumimina klorini. Yeye ndiye aliyetekeleza maneno ya Bi. Stumai: akiambiwa nusu anatia nusu, akiambiwa robo anatia robo. Alikuwa mtu wa maneno machache, kifua kikimsumbua kwa sababu ya ile dawa. Akamfuata Bi. Stumai kwenye dirisha la chumba cha vipimo, ukurasa mkononi.

"Mama, umeusoma huu?"

"Komredi kausoma."

"Sikumuuliza Komredi. Nakuuliza wewe."

Bi. Stumai aliona haya kidogo, na mtu akiona haya huweza kusema neno kubwa kuliko alilokusudia. Akasema: "Saini, Balta. Kukiwa na baya lolote, litaanza na mimi."

Baltazari alimtazama, kisha akauweka ukurasa juu ya meza ya vipimo, akasaini.

Miezi mitatu baadaye mikataba yote sitini ikaisha siku moja, saa kumi jioni. Kurasa arobaini zikawa zimefika asubuhi ya siku hiyohiyo. Humo ndimo wafanyakazi walimosoma kwamba ajira yao ni ya siku tisini, kwamba miaka yao ya nyuma ni "kumbukumbu nzuri isiyo na athari za kisheria", na kwamba kila anayetaka kuendelea na kazi yake aiombe upya.

Kazi ya Bi. Stumai ikatangazwa gazetini. Akaiomba. Akaitwa kwenye usaili mbele ya wataalamu watatu waliotoka makao makuu, nao wakampokea kwa heshima zote.

"Kwa nini unaitaka kazi hii?" akauliza wa kwanza.

"Ndiyo kazi yangu."

Wataalamu wakatazamana. Mmoja akaandika: *Ana hisia za umiliki.*

"Una uzoefu wa muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Chini ya mkataba mpya, tunauliza."

"Siku tisini."

"Aa, bado mchanga," akasema wa pili kwa upole. "Lakini usikate tamaa."

Wa tatu akataka kujua anajiona wapi baada ya miaka mitano. Bi. Stumai akamwonyesha kwa kidole dirisha la chumba cha vipimo, ng'ambo ya uwanja. Naye akaandika: *Hana ndoto.*

Hata hivyo walimchukua, kwa siku tisini nyingine, kwa cheo cha Mpima Maji Anayeanza. Alipelekwa kwenye semina ya kuwakaribisha wageni. Akazungushwa mtambo mzima. Akaonyeshwa choo, choo ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyekipaka rangi, akafundishwa namna ya kuvuta mnyororo.

Nilimkuta akirudi kutoka kwenye semina hiyo. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Nimekaribishwa."

*

Katika muhula wa tatu wa siku tisini, kifua cha Baltazari kikafunga. Akalazwa hospitali siku sita. Siku ya saba alipandisha kilima taratibu, akipumzika kila baada ya nguzo tatu za umeme, akakuta bahasha yake getini kwa mlinzi. Ndani mlikuwa na barua nzuri yenye nembo ya taifa kwa rangi ya dhahabu:

*Ndugu Shirumbe, Hongera! Kwa kuwa hukuonekana kazini kwa zaidi ya siku tatu, Wizara inatambua kwamba umekamilisha malengo yako mapema kuliko ilivyotarajiwa. Tunakutakia safari njema.*

Naona mtu asiyejua kusoma vizuri angeifurahia sana. Baltazari alijua kusoma.

Bi. Stumai alipopata habari aliacha bilauri mezani, akateremka mpaka nyumbani kwa Baltazari. Eufrasia, mkewe, alikuwa nje akianika mashuka.

"Shikamoo mama," Eufrasia akasema, bila kuacha kazi yake.

"Marahaba, mwanangu. Balta yupo?"

"Yupo ndani. Hataki kuonana na mtu."

"Mwambie ni mimi."

"Nimemwambia kila akija mtu nitamwambia ni nani. Alisema hata ukiwa wewe." Eufrasia akatandaza shuka kwenye kamba. "Alisema hasa ukiwa wewe."

Bi. Stumai hakurudi kazini siku hiyo. Alipanda basi kwenda mji mkuu kumtafuta Komredi, ambaye tulikuwa hatujamwona kwa miezi mingi. Tulidhani yuko huko anatupigania. Na kweli alikuwa huko.

Alimkuta kwenye jengo jipya la Wizara, ghorofa ya tano, mlango wenye kibao cha shaba: KAMISHNA WA MIKATABA YA MUDA. Komredi alinyanyuka, akamkumbatia, akaagiza soda. Bi. Stumai hakukaa. Ukutani, ndani ya fremu, palitundikwa barua ya uteuzi, naye kwa mazoea ya kazi yake akasogea karibu na kuitazama kwenye mwanga. Ilisema kwamba Ndugu Ngoda Mbelwa ameajiriwa kwa masharti ya kudumu, na kiinua mgongo chake akistaafu. Neno lile lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: KUDUMU. Ndiyo mara pekee aliyoliona mwaka huo.

Akasoma na tarehe. Ilikuwa imetangulia kwa siku moja ile jioni ya sukari.

"Kaka," akasema, mgongo akiwa amempa, "ule mkataba uliniambia umeusoma."

"Niliusoma."

"Wote?"

"Wote, dada. Neno kwa neno. Sikukudanganya." Komredi akashusha pumzi. "Ndiyo maana nikaomba hii."

Soda ikaletwa, ikawekwa. Hakuna aliyeigusa.

"Elewa," Komredi akasema. "Mkataba ungepita tu, tungepinga tusingepinga. Waliniita wakaniuliza: unataka kubaki na wenzako, au unataka kubaki? Nina binti chuoni. Unamjua, aliwahi kulala kwako. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ungekuja kuniambia, 'Dada, mimi nimejiokoa, nanyi jihadharini.' Ningekulaani, lakini ningejua. Wewe ulikuja kuazima mdomo wangu, Ngoda. Baltazari hakukuamini wewe. Aliniamini mimi."

"Baltazari yupi?"

Nadhani kama kuna jambo lililommaliza Bi. Stumai siku ile, si barua ya ukutani. Ni swali hilo.

*

Mwaka ulipotimia, serikali ikatangaza muujiza. Ajira mpya milioni moja zilikuwa zimepatikana! Nami, kwa kuwa napenda hesabu za nchi yangu zieleweke, nilimuuliza ofisa mmoja zimepatikanaje. Akanifafanulia kwa moyo mkunjufu: kila mkataba unaosainiwa ni ajira moja mpya. Mtambo wetu, uliokuwa na watu sitini tu wakati wa uzembe, sasa ulikuwa umezalisha ajira mia mbili na arobaini, ingawa ukiingia ndani uliwakuta watu hamsini na wanne.

Na saini iliyotimiza milioni ilikuwa ya nani? Ya Bi. Stumai Kaniki, alipoajiriwa mara ya nne.

Sherehe ikapangwa Chekeni. Vipaza sauti vikafungwa kwenye nguzo mji mzima, sokoni, stendi, mpaka dirishani kwa wagonjwa, ili mwananchi asikose hotuba hata akiikimbia. Komredi Kamishna ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Bi. Stumai alivikwa shada la maua ya plastiki, akapewa cheti na karatasi yenye hotuba ya shukrani aliyoandikiwa na Wizara.

Akaisogelea maikrofoni. Akasoma mstari wa kwanza: "Mheshimiwa Waziri, mimi ni tunda la Ajira Nyepesi." Akaikunja karatasi mara mbili, akaishika mkononi.

"Naitwa Stumai Kaniki," akasema. "Mwaka huu nimeajiriwa mara nne kwenye kazi moja. Mimi sina uchungu sana na hilo. Nataka kusema na watu wa mtambo."

Komredi akaanza kusogea.

"Mlisaini kwa sababu nilisaini. Mimi sikusoma. Niliambiwa na mtu niliyemwamini kuliko ndugu wa tumbo moja, na mtu huyo yuko hapa, kavaa suti, naye alikuwa ameshatuuza. Lakini Ngoda hakuja majumbani kwenu. Mimi ndiye niliyewaambia ni salama. Kwa miaka yote sijawahi kumpa mtu wa Chekeni maji ambayo sijayapima, halafu nikawapa ninyi mkataba nisioupima."

Komredi alikuwa anampungia fundi wa vipaza sauti azime. Lakini fundi huyo alikuwa ameajiriwa kwa saa, saa yake ikaisha saa sita kamili, na kwa kuwa mkataba ulikataza kugusa mitambo nje ya muda, alikuwa amekaa chini ya mti wa kivuli uwanjani, anakula muhogo wa kuchoma, anasikiliza.

"Baltazari Shirumbe," Bi. Stumai akasema, na sauti yake ikatoka kwenye kila nguzo ya mji, "uliniuliza kama nimeusoma nikakujibu jibu la mtu mwingine. Nikakuahidi baya litaanza na mimi. Likaanza na wewe. Nisamehe. Nimekukosea."

Akavua shada, akaliweka juu ya kiti chake, akateremka.

Kisha Mheshimiwa Waziri, ambaye muda wote alikuwa akiongea kwa simu, akaona watu wamenyamaza, akajua hotuba imekwisha. Akasimama, akapiga makofi kwa nguvu. "Hayo ndiyo maneno!" akasema. "Safi sana, mama!" Na sisi wananchi, kwa kumfuata kiongozi, tukapiga makofi pia, wengi wetu tukilia.

Barua ya pongezi ya Bi. Stumai ilifika kesho yake. Nafasi yake ikatangazwa gazetini, na Wizara ikaiingiza katika milioni ya pili. Aliyempokea kazi alikuwa kijana mpole mwenye mkataba wa siku saba, ambaye wiki nzima aliimaliza kwenye semina akifundishwa kuvuta mnyororo wa choo. Maji ya bomba yakaanza kutoka na rangi ya chai. Wizara ikatoa taarifa kwamba wananchi wasiwe na hofu, kwani chai ni zao letu la taifa.

*

Siku tano zikapita. Siku ya sita Eufrasia alifika mlangoni kwa Bi. Stumai. Alikaribishwa ndani, hakuingia. Alivutiwa kigoda, akakiangalia tu.

"Balta amesema nije nikwambie amesikia," akasema. "Kipaza sauti cha nguzo ya mbele ya nyumba yetu kilikuwa wazi. Alisikia yote."

"Amesema nini?"

"Amesema amesikia."

Bi. Stumai akangoja. "Basi?"

"Basi, mama."

Eufrasia akaaga, akateremka zake. Bi. Stumai alibaki amesimama kizingitini mpaka mgeni alipopotelea kwenye kona ya sokoni. Halafu akajifunga khanga, akafunga mlango, akafuata njia ileile.

Alimkuta Baltazari kitandani, amewekewa mito mitatu mgongoni ili apate kuvuta pumzi. Amekonda. Alimtazama Bi. Stumai kwa muda, kifua kikilia kama mlango mbovu.

"Umekuja kufanya nini?" akauliza.

"Kukaa."

"Sina la kukwambia."

"Najua."

Baltazari akageuza uso ukutani. "Kaa basi," akasema.

Bi. Stumai akakaa.